Mtoto Aliyemlilia Mfaransa

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa analia, na hakunyamaza. Titi analikataa, ukimgusa anapiga kelele, nami nilikonda nikabaki macho tu. Kwetu mtoto wa namna hiyo haumwi, analilia jina. Kuna marehemu wa ukoo anataka kurithiwa, kwa hiyo wazee hukaa wakataja wafu mmoja mmoja mpaka mtoto anyamaze, anyonye.

Wakataja. Wakamaliza upande wa baba, wakamaliza upande wa mama, wakamtaja hata mmoja aliyefukuzwa kijijini kwa uchawi. Mtoto ndiyo kwanza anazidisha. Ndipo shangazi yangu mwenye mdomo akauliza, "Na yule Mfaransa je?"

Babu yangu mzaa mama alikuwa Mfaransa, msimamizi wa shamba la mkonge karibu na Kilosa. Pua yangu hii ni yake. Shuleni nilitaniwa kwa pua hii mpaka nikapigana. Mwaka wa Uhuru alipanda treni kwenda Dar es Salaam kununua spea za mashine, na mpaka leo ananunua.

"Anayeliliwa jina ni mfu," bibi, mkewe, akafoka. "Nani kawaambia kafa?"

Basi, jina lake nani? Hakuna aliyelijua! Mjomba, mwanawe wa kumzaa, alimjua kwa jina la Bwana Mkubwa tu. Sasa fikiria umwite mtoto Bwana Mkubwa katika kijiji cha ujamaa, kule upande wa Mikumi tulikohamishiwa! Balozi wa nyumba kumi alikuja mbio. "Ndugu zangu, mizimu ya mabepari haina nafasi hapa." Mtoto akamlilia usoni.

Bibi alilijua. Lakini kwetu mke hamtaji mumewe, hata kama kaachwa, hata kama mume ni mzungu. "Nivunje mwiko? Thubutu!" akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Mjomba akapanda basi hadi misheni moja milimani, kwa padri mzee wa Kifaransa aliyewahi kumjua. Akarudi na majina manne! Kumbe kwao mtoto hubatizwa kwa majina ya mababu na ya watakatifu, yote kwa mkupuo mmoja. "Wazungu nao wana mizimu," mjomba akasema, kafurahi kweli. Tukamtajia mtoto yote manne, kila mtu na matamshi yake, balozi akiwa wa kwanza kusahihisha wenzake. Wapi!

"Padri alisema huenda liko na la tano," mjomba akasema kwa unyonge. "La nyumbani. Hilo hulijua aliyeishi naye."

Wote tukamgeukia bibi. Nililia, jamani, wala sikuona haya. Nikampigia magoti. "Bibi, mwanangu anakufa."

Akaweka ungo chini. "Tokeni wote. Na wewe mama mtu, toka."

Tukasimama nje pamoja na balozi wetu, tumetega masikio. Hatukusikia kitu. Mara kilio kikakatika. Nilipoingia, mtoto alikuwa anatafuta titi, na bibi anajifuta uso kwa kanga.

Haya, sasa cheka. Mtoto kapata jina, na kati yetu sote anayelijua ni bibi, na bibi halitaji. Sisi tukawa tunamwita Baba. Bibi alimwita "mume wangu", kama bibi yeyote anavyotania vitukuu vyake, na kijiji kizima kilicheka.

Nami nilicheka, mpaka jioni moja mtoto kashakuwa mkubwa wa kukimbia, anarudi kucheza, matope mpaka magotini. Bibi kakaa mlangoni.

"Umerudi, mume wangu?"

"Nimerudi."

"Umechelewa sana," akasema. Akamshika mkono, na hakumwachia mpaka ugali ukapoa.