Kuku Aliyezaliwa Bila Firigisi

Mara mbili nilikosa ubatizo kwa sababu ya kunyamaza. Majibu niliyajua. Lakini pasta aliponiuliza mbele ya kanisa, watu waligeuza shingo, nami nikaangalia viatu vyangu mpaka akamwita mwingine. Mara ya tatu alinihurumia. Akasema atakuja kwetu Kisian siku ya Ijumaa, aniulize mbele ya nyanya yangu tu, yule tunayemwita Dani. Nikijibu kwa mdomo wangu mwenyewe, Jumapili ningeingia ziwani na wenzangu. Nikinyamaza tena, ningengoja mwaka mzima, nije kubatizwa pamoja na watoto wa darasa la tano.

Swali nililoliogopa lilikuwa hili: mtu hupata wapi ujuzi wa mema na mabaya? Jibu nilikuwa nimelinakili kwenye daftari, polepole, kwa mwandiko mzuri: kwa Mungu, aliyetuumba kwa mfano wake na kuandika sheria yake mioyoni mwetu. Wiki nzima nilimkariria mbuzi wa jirani. Nadhani mbuzi yule angebatizwa kabla yangu.

Ijumaa Dani alichinja jogoo. Kwetu, mgeni wa heshima akiletewa kuku, anatafuta firigisi kwanza. Asipoiona, ametukanwa. Tena firigisi ni ya wanaume. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijawahi kuionja. Utamu wake niliujua kwa kuangalia nyuso za wajomba zangu wakitafuna.

Dani alienda kutandika vitambaa kwenye viti. Mimi nikafunua sufuria nionje chumvi. Mwiko ukaingia, ukatoka na firigisi, ya mviringo, inang'aa mafuta. Nilitazama mlangoni. Nikaitia mdomoni.

Ilikuwa moto kama kaa. Kuitema sikutaka, kuitafuna sikuweza. Nilirukaruka kuzunguka jiko, nikaimeza karibu nzima, halafu nikajaza maji mdomoni kuupoza ulimi. Hapo ndipo pasta alipobisha hodi, pamoja na mzee mmoja wa kanisa mwenye tumbo kubwa.

Niliwasalimia kwa kuinama, mashavu yamejaa maji. Hakuna aliyeshangaa. Wamenizoea.

Mzee aliomba. Akaomba baraka juu ya mikono iliyopika, na maji kidogo yakanitoka puani. Kisha pasta akapakua kwa adabu, mnofu mmoja tu. Mzee hakuwa na adabu hiyo. Alizungusha upawa ndani ya bakuli kama mtu aliyeangusha ufunguo kisimani.

"Mama, kuku huyu ni wa wapi?"

"Wa Muhoroni," Dani akasema. "Shemeji alimleta."

"Naona mapaja yapo. Shingo ipo. Hata miguu ipo. Kuna kitu kimoja tu kinanisumbua."

Dani alitazama bakuli, akatazama mashavu yangu. Akaelewa yote.

"Kuku wa Muhoroni hawana firigisi," akasema.

"Hawana?"

"Wanakula mabaki ya miwa tangu wakiwa vifaranga. Chakula laini hicho. Firigisi itasaga nini?"

"Mama, mimi nimekaa Muhoroni miaka minne."

"Ulikula kuku?"

"Nilikula."

"Basi alikuwa ametoka Kisian."

Pasta alikohoa ndani ya leso. Mimi sikuweza kucheka. Huyu ndiye Dani aliyewahi kunituma kwa jirani na yai moja mkononi, eti kuku wake alitagia kwetu kwa kupotea njia, kwa hiyo yai si letu. Leo alikuwa anamdanganya mtumishi wa Mungu ili kunificha. Ulimi uliacha kuniuma. Kifua ndicho kilichoanza.

"Haya, binti," pasta akasema. "Ujuzi wa mema na mabaya mtu huupata wapi?"

Nikameza maji. Jibu nilikuwa nalo, mstari kwa mstari. Nikafungua mdomo, likatoka jingine.

"Firigisi nimekula mimi."

"Wuololo!" Dani akashika kichwa.

"Kumbe Muhoroni tumewasingizia!" mzee akasema.

Pasta aliweka mnofu chini. "Nani alikuona?"

"Hakuna. Hata paka alikuwa nje."

"Dani amekuambia useme?"

"Hapana. Dani ..." Nilimtazama, nikainamisha macho. "Dani alikuwa anasema mengine."

"Sasa nani amekuambia ni vibaya?"

Sikuliona daftari tena kichwani. "Nafikiri ni Mungu, Pasta. Alianza kuniambia kabla sijameza."

"Na bado ukameza?" mzee akauliza.

"Ilikuwa moto."

"Na ni msichana!" Dani akalia. "Msichana na firigisi!"

"Hilo la msichana tumelitunga sisi, Mama," pasta akasema. "Mungu hakugawa kuku. Lakini kula cha mgeni kwa siri, hilo hata ng'ambo ya ziwa wanajua ni kosa, na hawajawahi kukaa darasani kwangu." Akaikunja leso yake mara mbili. "Na mimi niseme langu. Magego yangu yaliisha zamani. Firigisi siwezi kutafuna. Kila nyumba nikipewa, naifunga kwenye leso hii, nampelekea mbwa."

Dani alisimama. "Hata ile ya Pasaka?"

"Hata ya Pasaka."

"Mbwa!"

"Anashukuru sana."

Mzee wa kanisa alimtazama pasta kwa uchungu. Miaka yote hiyo alikuwa ameketi karibu na leso ile. Dani akakaa tena, akajifuta macho kwa kanga, sijui kwa kucheka au kwa hasira. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kuku wa Muhoroni wana firigisi."

"Amina," pasta akasema, akavuta ugali.

Jumapili mzee alitangulia majini, akipiga maji kwa fimbo kuwatisha viboko. Wenzangu walizamishwa mara moja, wakatoka. Zamu yangu ilipofika pasta alinizamisha, nikaibuka na gugu maji kichwani, nikasikia sauti ya Dani kutoka ufuoni, mbele ya kanisa zima:

"Mrudishe tena, Pasta! Mara ya kwanza ilikuwa ya firigisi!"

Akanirudisha.