Mwanajiolojia Niliyemsoma Sokoni

Nilianza kumsoma yule mwanajiolojia wa Kijerumani kwenye simu, nimekaa juu ya furushi la sweta za watoto katika soko la Guangyuan Xilu, kusini mwa China. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa akivutana bei na mwenye duka, ambaye alirudia tu "meiyou", yaani hakuna.

Mjerumani huyo aliishi karne ya kumi na tisa. Alizunguka majimbo ya China miaka kadhaa, akipasua mawe, akitafuta makaa ya mawe. Mimi nilisomea jiolojia Dar; mkataba wangu wa mgodini ulipoisha, wifi akaniingiza kwenye biashara yake ya nguo.

Safari hiyo sikutulia. Nikiingia dukani nataka kutoka, nikitoka sijui niende wapi. Asubuhi moja, badala ya kwenda Shahe, soko jingine la nguo, nikasema nakwenda nje ya jiji, kwenye mlima uliochimbwa mawe tangu kale.

"Mawe?" wifi akashangaa. "Nguo za Krismasi hatujamaliza kununua!"

Lakini alivaa raba, tukapanda treni pamoja, amenuna njia nzima.

Kule kuta za mawe mekundu zilisimama wima juu ya maji ya kijani. Nikaweka kiganja kwenye mwamba, nikamweleza jinsi mchanga unavyolala, ukabanwa, ukawa jiwe. Niliongea mbiombio, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Nikamsimulia na habari za Mjerumani: alirudi kwao, akawa profesa, akaandika vitabu vikubwa juu ya China, akafa hajavimaliza.

"Alioa?" wifi akauliza.

"Alioa, aliporudi."

"Na yale makaa?"

"Serikali yake iliyatamani. Baadaye Wajerumani wenzake walikuja na manowari, wakateka bandari."

"Basi ukipima mawe, angalia unampimia nani."

"Wifi, kuna watu nyumbani wananiita kazini. Wanachimba visima vya maji vijijini, Dodoma. Sijawajibu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujapanda ndege."

Akafyonya. "Ndiyo maana unatembea sokoni kama umekanyaga moto. Wajibu hapa hapa, nione."

Nikawajibu nimesimama pale, kwamba nitakuja. Kesho yake tulizunguka Shahe mpaka miguu ikavimba.

Msimu uliofuata wifi alikwenda China peke yake. Mimi nilikuwa Dodoma, vumbi mpaka kwenye nyusi, nimesimama kando ya mtambo wa kuchimbia pamoja na wanakijiji. Kisima changu cha kwanza kilikuwa kikavu. Tukausogeza mtambo upande wa korongo, tukaanza upya.