Mkono wa Bibi Fransiska

Si kweli kwamba Bertilla, mwalimu na mjane wa marehemu Mwalimu Alfonsi, alimvunja mkono mama mkwe wake, Bibi Fransiska. Hakumpiga, hakumsukuma, na wanaosema hivyo kisimani hawakuwapo. Yaliyotokea ni haya.

Mwaka watu walipohamia kijiji cha ujamaa, Bibi Fransiska aliteleza kwenye tope la kiwanja kipya, akavunjika nyonga. Alilazwa mjini Sumbawanga, mguu ukivutwa kwa uzito mpaka mfupa ukaunga. Bertilla alipokwenda kumchukua, Daktari Tuntufye, mtu wa Mbeya, akamwita pembeni.

"Aliwahi kuvunjika kabla ya hapa, mwalimu?"

"Kifundo cha mkono, baba watoto akiwa hai. Alijikwaa tu."

"Basi ugonjwa ulibisha hodi, hakuna aliyeitika. Mifupa yake imekuwa myepesi kama mabua. Tukiishia kwenye nyonga, atavunjika pengine."

Bertilla alidhani matibabu yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza: vidonge vya kalsiamu, maziwa, dagaa wa Kipili wa kutafunwa na mifupa yao, jua, na kutembea kila siku kwa gongo. Asiinuliwe kwa nguvu.

Baridi ya Ufipa huwafunga wazee jikoni penye moto. Bertilla kila asubuhi alimtoa wake nje.

"Mkamwana, una roho ya askari wewe!"

"Shikamoo, mama. Tangulize gongo."

Wanawake waliokwenda shamba la pamoja walicheka. "Mwalimu kakosa wanafunzi, anamfunza mkwewe gwaride! Saba Saba bibi ataongoza maandamano!" Kicheko kikageuka: anamtesa. Maneno yakafika Ilemba, kwa ndugu wa mume.

Jumapili moja akaja mmoja wa ukoo. Jina lake halitaandikwa hapa. Akamkuta Bibi juani, jasho likimtoka, akafura.

"Mama anatembezwa kama ng'ombe wa mnadani, na sisi mikono tunayo?"

"Daktari amekataza asibebwe," alisema Bertilla.

"Nyamaza, mwalimu. Hapa si darasani."

Mkamwana hasimami kati ya mzazi na damu yake. Bertilla alirudi nyuma hatua moja. Mikono ikapita kwapani mwa Bibi, ikainua. Pakasikika mlio, kama bua kavu likivunjwa kuwashia moto. Bibi hakulia. Alimtazama aliyembeba, kisha akautazama mkono wake ukining'inia. Bertilla alimkimbilia. Kwa kubebwa tu? Kwa mapenzi?

Hospitalini, daktari aliuliza nani alimwinua. Yule wa ukoo alisimama mlangoni, uso umempauka kama majivu.

"Ni sisi, familia," alijibu Bertilla.

Leo mkono umeunga. Bibi ameshika gongo kwa mkono mwingine, na yule wa Ilemba ndiye anayeleta maziwa, tena haingii bila kuuliza, "Vidonge amekunywa?"

Lakini kijiji hakikunyamaza. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Sadoki, alikuja mwenyewe.

"Mama, wanasema ni wewe. Mtaje, ulisafishe jina lako."

"Jina langu na lake ni moja, balozi. La ukoo."

"Lakini watu…"

"Bibi anatembea. Hilo waambie. Zaidi ya hapo sisemi, wala usirudi kuuliza."

Akachukua gongo lililoegemezwa ukutani, akaingia jikoni kumwita mkwewe juani.