Likizo Juu ya Marobota

Nauza mapazia Kariakoo, na safari ile nilimwahidi mke wangu kwamba Dubai tunaenda kupumzika na watoto, si kufuata mzigo. Siku ya kwanza nikaingia duka la vitambaa, kuangalia tu, mpumbavu mimi. Siku ya nne wanangu wawili walikuwa bado wanashinda humo juu ya marobota, mama yao kaninunia. Bahari waliiona kwenye dirisha la ndege. Wakati wa kurudi, uwanjani mzigo wangu wa vitambaa ulizidi kilo, nikaacha begi lao la nguo za kuogelea, hazijawahi hata kulowa.

Wiki iliyofuata niliwakuta sebuleni wakicheza safari. Binti yangu alimkalisha mdogo wake juu ya robota, akamwambia, “Kaa hapo, usilie. Baba anamalizia.”

“Halafu?” mdogo wake akauliza.

“Halafu tunarudi nyumbani.”