Malenga Maana Yake Maji

Enzi za Mdachi nilikuwa karani na mkalimani wa mzungu mmoja, mpima ardhi. Tulitoka Mpwapwa kwa punda kuelekea Dodoma, yeye akiandika jina la kila kijiji na maana yake. Kijerumani nilikisoma shule ya Tanga. Kigogo sikukijua.

Mpagazi wetu mmoja, Mgogo wa rika langu, hakujua kusoma, lakini kila kilima kwake kilikuwa na habari. Hapa tembo alizama topeni, pale ndugu wawili waligombea ng'ombe wakatengana. Alisimulia kwa Kiswahili, nami nikatafsiri. Siku ya tatu mzungu akampandisha punda wa akiba ili awe karibu naye. Mimi, na kanzu yangu nyeupe na kalamu sikioni, nikabaki nyuma nikila vumbi lao. Roho iliniuma.

"Tunafika kwetu, bwana karani," akaniambia asubuhi moja, uso umemchangamka. "Malenga. Maana yake maji. Mwaka wa njaa bibi yangu alichimba mchanga wa korongo siku nne, watu wakimcheka, mpaka yakatoka. Mwambie vizuri."

Kwetu pwani, malenga ni mtunzi wa nyimbo. Ndivyo nilivyomwambia mzungu. Bibi sikumtaja.

Kijijini, kikongwe mmoja akatuletea maji katika kibuyu. "Ndiye huyu, bibi yangu," mpagazi akasema. Mzungu akakiweka kibuyu kando, akaniagiza niwaambie waimbe. Watu wakatazamana. Mpagazi akanitazama mimi.

"Umemwambia nini?"

Nilijitia kuirekebisha kalamu sikioni. Akasema nao kwa Kigogo, wakaimba, nadhani kwa kumstahi yeye, na waliimba vizuri mno. Mzungu akapiga makofi, akaandika.

Kesho yake mpagazi alikataa punda, akajitwika mzigo mkiani mwa msafara. Akiulizwa habari za vilima, alisema hajui. Nikaulizwa mimi, nikabuni maana hadi Dodoma.

Miaka ilipita, nikamkuta mnadani Mpwapwa akiuza mbuzi. Nilimwomba radhi.

"Yamepita, bwana karani," akasema, akanipa mkono. Kisha akawarudia wenzake, akaendelea kuwasimulia jambo, nao wakamsogelea wasikie. Nilisimama kando kidogo, nikitamani aniite. Hakuniita.