Vitufe Nisivyoviona

Kompyuta ninayoandikia barua za watu hapa mtaani Jabe ni ya zamani, ina mgongo mnene na skrini ndogo. Programu mpya ya kuandikia haikutengenezwa kwa ajili yake. Alama zake zinameza nusu ya juu ya skrini, nami nabaki na mistari minne ya barua. Nikifunga barua, kidirisha cha kuuliza kama nihifadhi hujitokeza kikubwa kupita skrini, na vitufe vya kujibu vinabaki chini huko, havionekani. Basi nikakariri kwenye kibodi: kusogea mara mbili, kukubali mara moja. Nilijivunia sana, kwa sababu wateja walisema vidole vyangu vina macho.

Asubuhi moja alikuja mzee mwenye duka la vitambaa mtaa wa Nyakabiga, Mwarabu wa hapa hapa mjini. Alikuwa anakwenda Hija, na kwetu Waislamu mtu haondoki kabla ya kuwaomba radhi aliowakosea. Alikuwa amebakiza dada yake, aliyehamia Oman na asiyepokea simu zake. Mkono wa mzee ulikuwa ukitetemeka, ndiyo maana alinihitaji.

"Andika, binti. Andika ni mi nilifunga mulango siku ya maziko ya mama. We ulikuwa inje unalia, na mi nilikusikia."

Alisema mengi, akijifuta macho kwa kofia yake. Sikumtazama, nisije nikamwaibisha. Alipomaliza nilifunga barua kwa mazoea yangu, nikachomoa fleshi ninayobebea barua, nikachape kwa jirani mwenye printa. Huko nikaikuta tupu. Programu ilikuwa imejisasisha na vitufe vimebadilishana nafasi. Nilikuwa nimekubali kutohifadhi.

Nilirudi nikalia mbele ya mzee, sioni haya kusema.

"Baba, unisamehe, barua imepotea. Sema tena, naandika polepole."

"Apana, binti. Ile siwezi kuisema mara mbili." Akarudisha kofia kichwani. "Andika tu: naenda Maka, unisamehe kama nilikukosea."

"Na ile ya mulango, baba?"

"Mungu ameisikia."

Niliikumbuka karibu neno kwa neno, na vidole viliniwasha niiandike. Lakini haikuwa toba yangu. Nilichapa ule mstari mmoja, akautia sahihi, tukaagana kwa heshima. Barua ya kwanza haikusema "kama". Ilisema alichomfanyia dada yake, na mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kuisoma.