Safari Niliyoibeba Mgongoni, Mke Mwenzangu Ndiye Anayeisimulia

Admin, hili lipitishe bila jina langu. Sema tu ni mama wa Pwani, upande wa Kilifi. Nina miaka sitini na mitatu, watoto wanne, wajukuu tisa, na mume mmoja tunayemgawana wanawake wawili. Mimi ndiye mke mkubwa, nakaa Mnarani. Mke mdogo yuko Malindi, ambako mume wetu ana nyumba ya wageni. Tangu juma lililopita chakula hakinishuki kwa hasira, na tafadhali msinipe pole, sikuja hapa kutafuta pole.

Katikati ya miaka ya themanini mume wangu alikuwa akitembeza watalii Malindi. Kila siku akiwaona vijana wa Kizungu, mke na mume, mikoba mikubwa mgongoni, wametoka nchi hii wanakwenda ile. Siku moja akarudi nyumbani akaniuliza, hawa wametoka kwao kuja kutazama kwetu, sisi kinatuzuia nini? Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa, mtoto hatujapata. Mimi ni fundi cherehani, basi nikaomba kuutazama mkoba wa mgeni mmoja, nikaichunguza mishono yake, nikashona miwili kwa turubai la kijani. Mama yangu alinuna. Alisema mke wa watu halali stesheni. Tukaondoka hivyo hivyo.

Tulizunguka miezi saba. Tulishika njia ya Tanga na Dar es Salaam, tukapanda treni mpaka Kigoma, tukavuka ziwa kwa meli hadi Burundi tukiwa tumelala juu ya magunia ya dagaa. Tukaingia Zaire, na huko Bukavu mume wangu akashikwa na homa mpaka akawa hanitambui. Mkoba wake niliuuza tukapata dawa. Nilikaa penye kituo cha malori na sindano yangu, nikiwashonea madereva mashati yaliyochanika, ndio tukala. Alipoweza kusimama hakuweza kubeba hata kikombe, kwa hiyo vitu vyote vikaingia mkoba wangu, nikaubeba siku tisa mpaka tukaimaliza Rwanda. Na mimi bega langu la kushoto liliwahi kuvunjika utotoni nilipoanguka mkoroshoni, likaunga vibaya, likashuka. Ndiyo maana ukanda wa kushoto niliushona mfupi kuliko wa kulia kwa vidole vinne, ili mkoba ukae sawa.

Tukiwa tumeketi kando ya barabara huko Rwanda, yeye bado amekonda, alinishika mkono akaniambia, "Haya tuliyoyapitia, mke wangu, hakuna atakayeyajua ila mimi nawe." Tukarudi nyumbani kupitia Uganda. Maneno yale nimeishi nayo.

Miaka kumi na minne baadaye akaoa. Sikugomba. Nilipika pilau ya arusi kwa mikono yangu. Nilijiambia, achukue siku zake, achukue nguo na vyombo, achukue hata nyumba ya Malindi, ile miezi saba hakuna wa kuigusa. Nilikubali kugawana mume. Safari sikukubali.

Mwaka juzi mume akaja kuazima mkoba, apate kuutundika ukutani kwenye ile nyumba ya wageni. Nikaufua, nikaukaza mishono, nikampa kwa moyo mweupe. Mjinga mimi. Wageni wakiuona wanauliza, na anayewapokea wageni ni mke mdogo. Nasikia mwanzo alikuwa akisema "walisafiri". Baadaye ikawa "tulisafiri".

Juma lililopita mjukuu wangu akaniletea simu nikinywa chai. Vijana fulani wamekwenda Malindi kupiga video. Mume wangu amekaa kwenye kochi, ubavuni mwake mke mdogo, mkoba wangu mapajani pake. Mke mdogo ndiye anayesimulia magunia ya dagaa. Anasimulia Bukavu. Akasema, "Nilimbebea siku tisa, sikuhisi uzito." Na mume wangu, huyo niliyemlisha uji kwa kijiko, akaitikia kwa kichwa akasema kweli kabisa. Miaka ile huyo bibi alikuwa mtoto wa miaka saba, analilia peremende. Mjukuu akanigeukia kwa adabu zake zote akaniuliza, "Nyanya, nawe wakati huo ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa nyumbani. Ulimi wangu mwenyewe ulinisaliti, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Nikampigia simu mume wangu. Sikumtukana. Alinijibu taratibu kama anayembembeleza mtoto, kwamba mambo ya wageni mimi siyawezi, mwenzangu anajua kuongea, na watu wanapenda kuwaona mke na mume pamoja. Nikamuuliza, mimi ni nani basi? Akasema, "Hadithi ni ya nyumba, mke wangu. Nanyi wawili ni nyumba moja."

Sasa Jumamosi ijayo wamealikwa Malindi kwenye mkutano wa watu wanaopenda kusafiri. Mke mdogo atauvaa mkoba mbele ya watu. Najua utakavyokaa: utapinda upande mmoja, naye ataanza kuvutavuta ukanda akidhani umeharibika. Nikisimama nikauvaa mimi, utakaa sawa, na kila mwenye macho ataona. Binti yangu ananisihi niache. Anasema baba amezeeka, presha iko juu, na watoto wa nyumba zote mbili wanapendana, kwa nini niwavuruge kwa ajili ya turubai.

Nyinyi mlio wengi humu, hasa mlioishi uke wenza, niambieni bila kunipaka mafuta. Nimegawa mume, nimegawa sikukuu, nimegawa hata jina lake. Niende Jumamosi nikauvae mkoba wangu, au nimwachie na hilo?